Vitambaa vya Kogo na Begi Lisilopitisha Maji

Mpaka leo nikiona begi jeusi la pikipiki limetundikwa mlangoni mwa duka, na lebo yake inang'aa ikisema kwa Kiingereza kwamba maji hayapiti, damu yangu inachemka. Si kwa sababu nililowa. Kulowa nimezoea. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimelowa katika kila kazi niliyoshika: kukusanya maziwa, kuchuma chai, kupakia miwa huko chini ya Fort Ternan. Ninachokasirikia ni kitu kingine.

Nina pikipiki ndogo, na nina ugonjwa wa kutaka kujua barabara inaishia wapi. Kwetu mtu akikuuliza unaenda wapi, ukimjibu, "Kuona tu," anakutazama kama umetoroka mahali. Pikipiki ni ya kubeba abiria, au maziwa. Anayeiendesha kwa sababu anataka kujua Longisa inafananaje siku ya soko, huyo lazima atafutiwe kazi. Ndiyo maana sijawahi kusafiri na mzigo wangu mwenyewe. "Kwa vile unapita huko," wanasema, na kabla sijawasha injini nimeshikishwa dawa ya ng'ombe, viatu vya mtoto, kuku aliyefungwa miguu. Kila kitu nilikifunga kwa mpira juu ya keria, kikafika kimejaa vumbi au tope kulingana na msimu. Lawama zilikuwa zangu.

Halafu kikaja kitu ambacho hakikufaa kufika na vumbi wala tope.

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi tunamwita Kogo, anaishi karibu na Fort Ternan. Dada yangu alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja nyumbani kwa mama, Siongiroi, kwa koito, ile siku familia mbili zinakaa chini kuzungumza mahari. Siku kama hiyo viti havikai uchi. Kogo alikuwa amefuma seti nzima ya vitambaa vyeupe, vya viti na vya meza, vyenye maua katikati na ukingo kama mawimbi. Macho yake yalikuwa yanaisha. Vitambaa vya mwishomwisho alivifuma kwa kupapasa, akihesabu matundu kwa kidole gumba.

"Hivi ndivyo vya mwisho," aliniambia. "Nikimaliza hivi nashika fimbo, sindano naweka chini. Vifike vyeupe."

Zamani angevifunga kwenye juala za plastiki mbili tatu na kusingekuwa na hadithi. Juala zilipigwa marufuku, na sina ugomvi na hilo, ng'ombe wetu walikuwa wanakufa nazo tumboni. Lakini ile mifuko ya kitambaa iliyokuja badala yake inavuja kama chujio. Nikaona sasa ndio wakati wa kununua begi la maana.

Duka nililoingia Kericho lilikuwa na ukuta mzima wa mabegi: ya kuning'inia pembeni mwa kiti, ya kukaa nyuma, ya kufunga juu ya tangi. Mwenye duka alikuwa kijana wa sweta nzuri ya sufi, mwenye maneno mengi. Alichukua jagi, akalimwagia begi moja maji juu. Matone yalikusanyika yakateleza kama yanavyoteleza kwenye jani la nduma.

"Umeona? Haiingizi hata kidogo."

Niliona. Lakini nimeendesha pikipiki kwenye mvua ya huku miaka mingi, na najua haiji kutoka juu peke yake. Gurudumu la nyuma linaitupa kutoka chini, upepo unaisukuma kutoka mbele, na lori likipita unaipata kutoka ubavuni. Nikamwambia, "Nipe hilo jagi niyamwage ndani. Kama maji hayatoki, basi hayaingii."

Alilivuta begi kifuani kama nimetaka kumnyang'anya mtoto.

"Sasa wewe unanunua begi ama tangi la maji?"

Watu waliokuwa dukani walicheka. Mmoja akasema, "Huyo ni fundi wa mabomba, mwache."

"Kama halipitishi maji, unaogopea nini maji?" nikauliza.

"Boss, hizi ni za watalii. Watu wanatoka mbali na pikipiki kubwa wakienda Mara, wananunua hapa, hakuna hata mmoja amerudi kulalamika. Kama ni ya boda, nunua gunia."

Hawakurudi kwa sababu walikuwa wameshafika kwao ng'ambo ya bahari. Jibu hilo lilinijia baadaye sana, nikiwa nimelala. Pale dukani nilichukua begi, la kukaa nyuma, lenye zipu ndefu na kifuniko juu ya zipu. Koito ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Kogo alivikunja vitambaa mwenyewe, akavipanga ndani, akapitisha kiganja juu yake mara ya mwisho, akafunga zipu. Yeye angekuja kesho yake kwa gari la jirani. Niliondoka jua likiwa limetoka, nikapita Kericho majani chai yakimetameta pande zote za lami, nikaanza kuteremka kuelekea Litein. Mawingu yalinikuta huko baada ya saa sita, kama yanavyomkuta kila mtu.

Vijana wa boda walikuwa wamejibanza chini ya kibaraza cha kinyozi. Wakanipigia kelele. "Wewe! Simama! Utaoga na nguo!"

"Niko na begi!" nikawajibu, tena kwa majivuno, nikapita.

Nilipofika Siongiroi mvua ilikuwa imeisha na mimi nilikuwa nachuruzika mpaka ndani ya viatu. Mama alinipokea begi kabla ya kunisalimia. Akalifungua juu ya meza. Sikuona uso wake, niliona mgongo, na mgongo ulisimama tu.

Maji yalikuwa yamekaa chini ya begi kama kwenye karai. Nililigeuza, nikalikagua kama ninavyokagua kila kitu. Kitambaa cha nje kilikuwa kizuri, kweli hakipitishi. Lakini lilikuwa limeshonwa kwa uzi, mishono mirefu kuzunguka kitako na pembeni, na kila mahali sindano ilipopita paliachwa tundu, na hakuna aliyejali kuliziba. Kisha, ili begi lisimame wima na kupendeza ukutani, walikuwa wameweka katoni ndani ya bitana. Katoni ya kahawia! Ndani ya begi la mvua! Ilikuwa imelowa ikawa uji, na rangi yake ilikuwa imepanda kwenye vitambaa, doa juu ya doa, kama mtu amemwagia chai.

Mama alivifua kwa sabuni ya kipande, akavifua tena kwa dawa ya kung'arisha. Madoa yalififia, hayakutoka. Dada yangu alikuja mlangoni, akaangalia, akarudi alikotoka. Kitambaa kimoja tu, kilichokuwa kimekunjwa katikati kabisa, kilibaki cheupe kama kilivyotoka mikononi mwa Kogo.

Mama alikaa kwenye kigoda akikiangalia hicho kimoja. Kisha akainua sufuria kubwa ya wageni, akaijaza maji, akamimina pakiti nzima ya majani ya chai na chumvi.

"Vitakuwa rangi moja," alisema. "Lete vyote."

"Na hiki cheupe?"

"Vyote, nimesema. Kimoja kikiwa tofauti, wataona. Na Kogo haoni vizuri, kwa hivyo hakuna kusema kitu. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikichovya kwa mikono yangu.

Jumamosi wakwe walikuja, wakaombewa, wakapewa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, wakakaa juu ya vitambaa vya rangi ya chai isiyo na maziwa. Shangazi mmoja wa upande wao alivisifu. "Hii rangi mmeipata wapi? Hii ndiyo ya kisasa." Mama akatabasamu akasema asante. Mimi nilisimama kando ya kabati nikitamani kupasuka. Huyo shangazi alikuwa anasifu katoni.

Kogo aliketishwa kwenye kiti cha mkono. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kitambaa, vikapata ua, vikapata ukingo. Akatulia. Kisha akakiinua polepole mpaka puani, katikati ya maneno ya mzee wa upande ule, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ni nani amepikia vitambaa vyangu chai?"

Wengine walicheka, wakidhani ni utani wa mwenye umri. Mama aliangalia chini. Baada ya chakula Kogo aliniita nyuma ya nyumba, nikamweleza yote, jagi, zipu, katoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilifuma vyeupe," alisema. Kisha, "Hilo duka liko wapi?"

Nilijaribu kumtuliza. Nikamwambia nitaenda peke yangu. Jumatatu alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, leso kiunoni, helmeti juu ya kitambaa cha kichwa, begi katikati yetu. Tulifika Kericho saa saba, na mvua ilikuwa inaanza kupiga mabati.

"Karibu, shosh," alisema yule kijana, kama vijana wa mjini wanavyoita nyanya, kisha akaniona mimi.

Kogo alipapasa kaunta, akaweka begi juu yake. "Hii inapitisha maji ama haipitishi?"

"Shosh, hiyo haipitishi. Labda huyu hakufunga vizuri."

"Nilifunga mimi," Kogo akasema.

"Basi inategemea na mvua. Kuna mvua na kuna mvua."

"Hapa Kericho," Kogo aliuliza, akigeuka kwa watu waliokuwa wamejikinga mlangoni, "kuna mvua gani nyingine?"

Walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Kogo akanyoosha mkono juu ya kaunta mpaka ukagusa mkono wa sweta ya kijana. Akaisugua kati ya vidole. "Hii ni sufi nzuri. Imefumwa kwa mkono. Vua. Tuiweke ndani, ufunge wewe mwenyewe, tutundike hapo nje. Ikitoka kavu, nitakuomba msamaha mbele ya hawa watu wote."

"Shosh, tafadhali. Nitakupatia ingine, kubwa kuliko hiyo."

"Sitaki ingine. Vua sweta."

Kijana alikuwa na chaguo. Yale mabegi yote ukutani, na lebo zote zile, na hakuona hata moja ambamo angeweka sweta yake. Alifunga kifungo chake cha juu. Mwanamume mmoja aliyekuwa anashika begi la tangi alilirudisha taratibu kwenye msumari wake.

Kogo alilivuta begi karibu. Alitoa ile sindano yake ya kufumia kutoka mfukoni, yenye ncha iliyopinda, akaitafuta lebo kwa kidole, akaanza kuifumua uzi baada ya uzi. Ilichukua muda. Watu walingoja kama wanaongoja maombi yaishe. Ilipotoka akaiweka kwenye kaunta.

"Hii ni yako. Begi tutawekea viazi."

Tangu siku hiyo sijanunua begi bila kulijaza maji kwanza. Nataka mdomo unaokunjwa na kufungwa, si zipu. Viungo vilivyounganishwa kwa moto, si uzi. Na ndani pasiwe na katoni wala urembo wowote. Wenye maduka wengi wananifukuza. Wawili wamekubali, na mmoja wao ndiye aliyeniuzia hili ninalotumia. Bado nabeba mizigo ya watu.

Lakini siku ile hatukuwa na kitu kama hicho. Tulijifunika kipande cha turubai, tukasimama kwenye kibaraza cha jengo la jirani kungoja mvua ipungue. Nilimwona Kogo ametulia, nikadhani ameridhika.

"Vyote vililowa?" aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. "Vyote ila kimoja. Cha katikati. Kilibaki cheupe."

"Na hicho mkakifanya nini?"

"Tulikichovya na vingine. Vifanane."

Alikuwa bado ameshika sindano yake.

"Hicho," alisema, "mngeniachia."