Hotuba ya Kutoka Makambako hadi Njombe

Mume wangu ana kigugumizi, na mimi sina subira. Tumeishi hivyo tangu ujana wetu, na wanaotufahamu huniuliza tumewezaje. Tumeweza kwa sababu yeye ni dereva wa lori na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kila mtu na mahali pake pa kusemea. Nyumbani tulielewana kwa nusu sentensi. Akiwa bado anatafuta neno, mimi nilikuwa nimeshamtafutia, nimeshamjibu, nimeshaondoka zangu kwenda kuangalia chungu cha maharage.

Basi binti yetu, mtoto wetu wa pekee, akapata mchumba, kijana wa Njombe mjini, kwao watu wa kanisa na mashamba. Barua ikaja, mahari ikaongelewa, kamati ya sherehe ya kumuaga binti ikaundwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa jirani yetu, Mwislamu aliyetoka Kondoa miaka mingi iliyopita akafungua duka la vipuri vya magari hapa Makambako. Mtu wa nidhamu huyo. Kikao kikiitwa saa kumi, saa kumi na dakika mbili mlango umefungwa.

Kikao cha ratiba kilifanyika sebuleni kwetu. Kufika kipengele cha hotuba ya wazazi, hakuna aliyehangaika. Kwetu baba wa binti halazimiki kusimama, anaweza kusemewa na msemaji wa familia, na msemaji wetu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Shemeji yangu huyo Mungu kampa sauti, akamnyima breki. Akishika maikrofoni, wali unapoa, watoto wanalala, naye bado yuko kwenye "kwanza kabisa". Lakini maneno yake hayakwami, na familia iliona hilo linatosha.

Mwenyekiti alikuwa anaandika jina la shemeji pale binti yetu, aliyekuwa anagawa chai, alipoweka birika mezani.

"Mimi nataka aongee baba," akasema.

Watu wakatazama vikombe vyao. Shemeji akacheka kidogo, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, unataka kumtesa baba yako mbele ya wakwe?"

"Baba mkubwa, nakuheshimu sana. Lakini baba ninaye."

Akachukua birika lake akaendelea kumimina. Mwenyekiti alimtazama mume wangu. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali, ila niliona jasho linamtoka, na Makambako siku ile ilikuwa ya baridi na upepo wa kung'oa mabati.

Kesho yake akaniambia kinachomsumbua. Kuchekwa yeye hakumwumizi, amechekwa tangu anachunga ng'ombe kwao Bulongwa. Alichoogopa ni kicheko kile kumfuata binti. "W-wakwe watasema ametoka kwa b-b-bubu," akasema. "Ataenda nacho kwenye ndoa yake." Nikamwambia hatashindwa. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini mwalimu huwa na mazoea ya kusema hivyo.

Nikaanza kazi kama ninavyoijua. Hotuba ina utangulizi, kiini na hitimisho. Nikampangia hoja kwenye karatasi nzuri, kwa herufi kubwa, kuanzia na itifaki kama inavyopaswa: mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati, mshereheshaji, mchungaji. Loo, nilimpangia mlima! Herufi ile ya M ndiyo adui yake wa siku zote. Alisimama mbele ya kabati la vyombo, akashika karatasi, akaingia kwenye "mhe" akakwama humo, shingo imemkakamaa, macho ameyafumba. Nikammalizia neno. Akaenda la pili, nikammalizia na hilo. La tatu akaweka karatasi mezani.

"B-basi kaisome wewe."

"Niisome mimi? Kwani mimi ndiye baba wa binti?"

"S-si unajua yote?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilichukua kikapu nikaenda sokoni, na mama muuza figiri siku ile alinipunguzia bei bila kuombwa, nadhani kwa kuiona sura yangu.

Nilirudi nikiwa bado na maneno mdomoni. Kufika getini nikasikia mwanamume anaongea uani, anaongea vizuri, bila kusita, nikajua tuna mgeni. Hakukuwa na mgeni. Mume wangu alikuwa anaosha lori lake huku simu ameibana kwa bega, anamwelekeza dereva mwenzake aliyekuwa mgeni wa barabara ya Njombe na alikuwa anakwenda kupakia viazi.

"Ukitoka mizani shika mwendo wako," alikuwa anasema. "Mtwango punguza, watu wanavuka bila kuangalia. Kwenye misitu ya mapaini utakuta ukungu, washa taa, usijifanye unaijua barabara. Ukianza kuona chai kushoto na kulia ujue uko Kibena, na Njombe imefika."

Nikasimama na figiri zangu. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo na sikuwahi kugundua kwamba barabara haimkwamishi. Pengine kwa sababu nikisikia anaongea habari za barabara huwa nishaondoka.

Hasira zikaniisha palepale. Nikamngoja akate simu, nikamwambia, "Baba, panda garini."

"T-tunaenda wapi?"

"Njombe."

Tukapanda. Yeye kwenye usukani, mimi upande wangu, injini imezimwa, lori linachuruzika maji ya sabuni. Nikamwambia asahau utangulizi na kiini, na itifaki aiache kwa mshereheshaji, ndiyo kazi anayolipwa. Binti anatoka Makambako kwenda Njombe, na sisi tutampeleka. Kila kituo kiwe na neno lake, si zaidi. Hapa nyumbani, salamu. Mizani, shukrani kwa waliotubebea mzigo wa sherehe. Mtwango, malezi. Kwenye ukungu, nasaha za ndoa. Kibena, shukrani kwa wakwe. Njombe, kukabidhi.

Alitazama mbele kwenye ukuta wa choo, ndio uliokuwa mbele ya kioo, akafikiri. "Ukungu ni mahali pazuri pa ndoa," akasema, na sentensi hiyo haikukwama popote.

Kuanzia hapo kila jioni baada ya chai tulikuwa tunasafiri. Mwenyekiti wa kamati alipita siku moja akatukuta tumekaa kwenye lori lililosimama, mikono ya mume wangu kwenye usukani.

"Mwalimu, salama? Gari limegoma?"

"Halijagoma, tunapanga hotuba."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kutouliza zaidi. "Mfike salama."

Vituo vyote vilikubali isipokuwa kimoja. Kila tukifika Kibena alinyamaza. Hakukwama, kukwama kwake nakujua. Alinyamaza tu, akatazama kioo cha pembeni, halafu akaruka hadi Njombe kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Mara ya kwanza nilimfokea. Mara ya pili nikakumbuka.

Binti yetu alisoma sekondari ya bweni Njombe. Shule zikifunguliwa baba yake ndiye aliyempeleka na lori, sanduku na godoro nyuma juu ya magunia. Safari moja nilikuwa nao. Tulipofika Kibena, kwenye mashamba ya chai, binti akasema, "Baba, nishushe hapa. Nitapanda bajaji." Baba yake akasimamisha gari bila kuuliza, akamshushia godoro, akamsimamishia bajaji. Wasichana wenzake walikuwa wanaletwa kwa magari madogo na baba wanaoongea na walinzi getini. Mimi nilitaka kumchapa kibao, nasema kweli. Mume wangu akanishika mkono, akasema lori halina pa kugeuzia pale shuleni. Nilikuwa naijua ile shule. Pa kugeuzia pangetosha malori mawili.

Ikawa hivyo hadi alipomaliza kidato cha sita. Hatukuwahi kuliongea, wala binti hakulitaja. Sasa ndani ya lori lililozimwa, nikamwuliza mume wangu, "Bado inakuuma?"

Alisugua usukani kwa kidole gumba. "Alikuwa m-mtoto," akasema. "Tuendelee."

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya zambarau, wakwe wakaingia kwa nyimbo, binti yetu akakaa mbele na mpambe wake, amependeza hadi nikashindwa kumtazama sawasawa. Shemeji alikuja amevaa koti jipya na akakaa kiti cha pembeni, karibu na maikrofoni, "endapo". Neno hilo alilisema mwenyewe. Nikahama meza, nikakaa nyuma yake.

Mshereheshaji akamwita baba wa binti. Mume wangu akasimama bila karatasi, mikono mbele kidogo, kama imeshika kitu. Akavuta pumzi.

"Kamwene," akasema, salamu ya huku kwetu, na ukumbi mzima ukaitikia. "Leo sina viazi. Nina abiria mmoja tu, na ninamtoa hapa Makambako kumpeleka Njombe. Nifuateni."

Watu wakacheka, kicheko kizuri. Akaenda mizani. Akasema mzigo wa sherehe ungepakiwa kwenye gari lake peke yake angekamatwa, ila ndugu na majirani wameugawana naye, asanteni. Nikamwona mwenyekiti wa kamati anaitikia kwa kichwa, sasa ameelewa kilichokuwa kinaendelea mle garini. Akaenda Mtwango, akasema hapo walikuwa wakisimama kununua mahindi ya kuchoma, na binti huyu alikuwa anamaliza kwanza la baba yake ndipo aanze la kwake. "Mkwe wangu," akasema, "usije kusema hukuambiwa." Bwana harusi akafunika uso.

Akaingia kwenye ukungu. "Hapa taa ziwashwe na mwendo upunguzwe. Mkikasirikiana msisimame katikati ya barabara, anayekuja nyuma atawagonga. Endeleeni kwenda, polepole, hata bila kusemezana." Halafu akageuka akanitafuta kwa macho. "Mwalimu wangu yule pale ana mwendo mkali. Lakini hajawahi kuniacha kwenye ukungu."

Hilo hatukulipanga. Nilitazama sahani yangu muda mrefu, nikalia, na mascara niliyopakwa na wapwa zangu ikaharibika yote.

"Tumefika Kibena," akasema. "Chai kushoto, chai kulia."

Akanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani anapumzika. Kisha ukimya ukawa mrefu, na nikaanza kusikia viti. Mama mmoja upande wa wakwe akamnong'oneza mwenzake. Mume wangu alikuwa anatazama pembeni, chini kidogo, mahali ambapo kioo cha lori kingekuwa, na mdomo wake haukuwa unapigana na neno lolote. Njombe ilikuwa imebaki, na Njombe ndiko kwa kumkabidhi. Shemeji akaanza kunyanyuka, mkono tayari unaelekea kwenye maikrofoni. Nikamkamata pindo la koti jipya nikamvuta chini. Lilitoa sauti ya kuchanika, na sijaomba radhi hadi leo.

Ndipo binti yetu akasimama. Mpambe alijaribu kumrudisha kitini, kwani binti wa sherehe hasimami wakati baba anaongea. Hakurudi. Hakuwa na maikrofoni, akapaza sauti kama anaita kutoka upande wa pili wa kabini.

"Baba."

Mume wangu akamtazama.

"Leo usinishushe Kibena."

Wakwe hawakuelewa. Shemeji hakuelewa. Binti alikuwa analia sasa, gauni lote limeshikwa kwa mikono miwili.

"Nifikishe mpaka getini, Baba. Nataka wakuone."

Baba yake aliitikia kwa kichwa. Akarudisha mikono mbele, akaishika barabara yake, akafungua mdomo kusema neno la mwisho, la kumkabidhi. Kigugumizi kikamkamata palepale, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona, shingo, macho, kila kitu, mbele ya mchungaji na wakwe na majirani wote wa Makambako. Safari hii hakuinamisha uso. Binti alibaki amesimama, anamtazama, hageuki kuangalia nani anacheka. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa nalijua lile neno. Nilikuwa nalo mdomoni, zima, tayari kumpa. Nikaliacha hapo hapo, nikangoja, mpaka alipolifikisha mwenyewe.