Nilimwandikia Jirani Kaswende Asiyokuwa Nayo

Kabla hujaniuliza jino langu la mbele lilienda wapi, wacha niseme: nilistahili. Na si jino ninalolilia.

Nilikuwa karani wa bima kwenye kliniki moja ndogo huku mtaani Mowlem. Kila kipimo cha maabara kina nambari yake. Kazi yangu ilikuwa kuituma kwa kompyuta ili bima ilipe. Bima haisomi maneno ya daktari, inasoma nambari. Mimi na nambari hizo tulijuana kama mchuuzi na askari wa kanjo: nilijua ipi inakataliwa na ipi inapita bila maswali.

Mama Mwende, jirani yangu wa mlango wa pili, akaja akitetemeka kwa homa. Daktari akaagiza damu yake ipimwe kingamwili za taifodi. Nikatuma nambari. Imekataliwa. Nikatuma tena, maana mimi hurudia kila kitu. Imekataliwa.

"Kaka, mkononi sina kitu," akaniambia. "Kadi ni ya Baba Mwende. Fanya fanya uone."

Heh! Kuniambia mimi fanya fanya! Nikateremka kwenye orodha hadi kingamwili za kaswende. Kipimo hicho hulipwa mbio, wajawazito hupimwa kila siku. Nikabonyeza. Ikapita.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Mambo ya kompyuta, mama. Wewe meza dawa."

Akanishukuru, jamani! Akaniombea baraka!

Nilichosahau kwa utamu wa ujanja ni hiki: kipimo kikilipwa, bima humtumia mwenye kadi ujumbe, na jina la kipimo limo. Nambari niliikagua mara mbili. Mwenye kadi sikumfikiria hata mara moja.

Baba Mwende huendesha lori la mchanga. Asubuhi iliyofuata, mlango wa kliniki ulifunguliwa kwa teke. Alikuwa amemkaba mkewe kwa leso yake mwenyewe, na mkono wa pili umeshika spana ya magurudumu. Mdomo wa Mama Mwende ulikuwa umeshapasuka.

"Nani hapa alimpima bibi yangu kaswende?" Akanisukumia simu usoni. "Wewe si jirani? Niambie, aliitoa kwa nani?"

"Ni taifodi, Baba Mwende, nilikwambia ni taifodi!" mkewe akalia. "Kaka, mwambie! Si wewe ndiye uliandika? Mwambie!"

Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini ningekiri kwamba nilidanganya bima, kazi ingeenda. Basi nikavaa uso wa ofisi.

"Mzee, mambo ya mgonjwa ni siri ya kliniki."

Siri! Mimi niliyemtangazia mtu ugonjwa hata hana!

"Kumbe ni kweli!" akanguruma. Akambamiza kichwa kwenye ukingo wa dirisha la malipo, karibu nami hivi kwamba damu ikarukia kompyuta. Akambamiza tena. Mama Mwende akainua mkono kukinga sikio. Spana ikashuka hapo hapo, juu ya vidole na sikio pamoja. Mlio wake ulikuwa mkavu, mdogo kuliko nilivyodhani.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka.

"Ni mimi! Hana kaswende! Nambari ni ya uongo!"

Akageuka. Spana ikanipata mdomoni. Wagonjwa waliokuwa wameganda kwenye benchi wakamrukia, ngumi, mateke, mzee mmoja na mkongojo wake, hadi akalala chali akitema damu na kuuliza, "Sasa ni gani? Ukweli ni gani?"

"Na hata angekuwa nayo, buda?" kijana mmoja akamfokea. "Ndiyo umuue?"

Kazi nilifutwa siku hiyo hiyo. Kwenye korti ya Makadara nilitoa ushahidi, uongo wangu wote nikauanika. Baba Mwende alijitetea kwamba kliniki ndiyo iliyomchokoza. Hakimu alimfunga.

Nje ya korti nikamkimbilia Mama Mwende na ombi la msamaha nililokuwa nimelipanga vizuri. Akanitazama mdomo unavyocheza, kisha akageuza kichwa, akanielekezea sikio lake zima.

"Ongea upande huu," akasema. "Ule ndio ulilipia kipimo changu."

Mimi, mtu wa kubishania hata fungu la sukumawiki, nikazunguka hadi upande huo.

Karani mwenzangu, nambari ikikataliwa, iache ikataliwe na umwambie mgonjwa ukweli. Na ukishaharibu, sema kabla mtu hajainua mkono! Usijifiche kwenye siri kama mimi.

Nawe mwanamume unayesoma hii ukitafuta pa kuegemea: nambari ilikuwa yangu, lakini spana hukupewa na mimi.

Jino la bandia nimeshaulizia bei, na nitabishana hadi ishuke. Sikio haliuzwi popote. Nimeuliza mara mbili.