Kipara cha Msusi

Mimi ni msusi. Nasukia nyumbani, kwenye maghorofa ya Michenzani, chumba cha mbele, mkeka chini na feni juu, na siku za kukaribia Sikukuu hapana pa kukanyaga. Wateja wangu ni wanawake watupu. Mlango ukishafungwa, mabuibui yanatundikwa msumarini, mitandio inatupwa kwenye kochi, na kila mtu anakaa kichwa wazi, mimi nikiwa wa mwanzo. Kichwa changu ndicho kilichokuwa tangazo langu la biashara. Nilikuwa na nywele, jamani. Sijisifu, nasema kilichokuwepo.

Aliyekiona kipara ni mume wangu. Nilikuwa nimeinama napekua kabati la vyombo, yeye yuko nyuma anasubiri chai, mara nikamsikia: "We, hapa nani kakunyoa?" Nikadhani ni mzaha wake wa kila siku. Nikapeleka mkono kisogoni na kidole kikateleza. Palikuwa na mduara mtupu, laini kama ganda la yai, hauna upele, hauwashi, hauumi. Haukupita muda ukapata mwenzake juu ya sikio, kisha mwengine utosini, kama vile walikuwa wamealikana.

Mtu mwengine yeyote akipata kipara hapa Unguja ana bahati yake. Anavaa mtandio, anakwenda sokoni, anarudi, na hakuna ajuaye. Mimi bahati hiyo sikuwa nayo, kwa sababu kujifunika nje ni kawaida, lakini kujifunika ndani, mbele ya wanawake wenzako, ni kutangaza kwamba una jambo. Siku nilipokaa mkekani na mtandio umebanwa kwa pini, wateja walitazamana. Hakuna aliyeuliza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana wanawake wa chumba kile huuliza hata bei ya sidiria.

Waliponyamaza kwangu wakasemea kwengine. Kwanza nikasikia kwamba nimeshika dini. Hilo sikulipinga, lina thawabu. Halafu nikasikia kwamba mume wangu kanipiga, naficha alama. Mume wangu, ambaye akiona mende hupanda kitandani akaniita mimi! Tukalicheka mpaka chai ikapoa. La tatu halikuchekesha. Walisema nina mapunye.

Mapunye ni ugonjwa wa watoto wa chuo cha Kurani, yale mabaka ya mviringo kichwani, na yanaambukiza kwa kitana. Msusi mwenye mapunye ni sawa na mpishi mwenye kipindupindu. Mteja mmoja akaahirisha. Mwengine akatuma ujumbe kwamba yuko Pemba, na mimi namuona kutoka roshani ananunua ndimu.

Mama yangu hakutaka kusikia habari ya mapunye. Yeye alisema ni kijicho, akamtaja na mwenye kijicho, kisha akaanza kunisugua kitunguu thomu kila alasiri, hata mume wangu akirudi kazini akawa anauliza leo kumepikwa nini. Kipara kilipomshinda akaniletea mafuta ya karafuu kutoka Kidichi. Hayo yaliniunguza vizuri sana. Nikawa na kipara na malengelenge, na ndipo nilipokwenda hospitali, nikiwa nimeudhika na kila mtu.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi. Alivaa glovu, akanipekua kichwa kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Haya si mapunye. Na hayaambukizi, hata mkilalia mto mmoja."

"Sasa nini?"

"Mwili wako mwenyewe," akasema. Akavuta kiti. "Mwili una askari wa kuulinda, na askari hawaendi pahala bila ya kuitwa. Wanaitwa kwa vijumbe, vitu vidogo mno vya protini, tunaviita saitokini. Shina la unywele kwa kawaida yake linajistiri. Halijionyeshi kwa askari, nao hawalijui. Kwako wewe wamelisogelea, kwa nini hasa hatujui, na wamepiga kelele kwa kijumbe kinachoitwa intaferoni. Kelele hiyo ndiyo inayolivua shina stara yake. Likishavuliwa, nalo linapiga kelele kwa kijumbe chake, intalukini. Hicho kinawaita askari zaidi. Wakija wanapiga kelele zaidi, na lenyewe linajibu."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. "Dokta, hayo nshayaona. Hayo ni jengo letu. Wa juu anauliza 'Kuna nini?', wa chini anajibu 'Hata mie nnauliza', mara watu wote wako roshani, na kitu chenyewe hakipo."

"Basi ushafahamu kuliko wengi," akasema. "Shina halijafa. Limeacha kazi tu."

Akaniambia vipo vidonge vipya vinavyoziba masikio ya chembe za mwili, ujumbe ufike lakini usisikike ndani, ila kwetu havipatikani kirahisi na mtu hamezi bila ya kuangaliwa. Mimi atanichoma sindano za kutuliza kelele papo hapo kichwani. Nikamuuliza kama nywele zitaota. "Huenda. Na huenda zikaanguka tena, sikudanganyi." Nilimpenda na kumchukia kwa pumzi moja. Sindano zenyewe sitaki kuzihadithia.

Nyumbani kelele zilikuwa hazijatulizwa na mtu. Sikukuu ilikaribia na mkeka wangu una nafasi, jambo ambalo halijapata kutokea. Mmoja niliyemtegemea ni Bi mmoja wa Kikwajuni, mteja wangu wa miaka, ambaye binti zake, wakwe zake na mashoga zao wote husuka anaposuka yeye. Akibaki, wanabaki. Akiondoka, nafunga duka.

Akaja. Ndani mlikuwa na wanawake wachache, wamekaa upande upande.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Akakaa kwenye kiti, si mkekani, wala hakuvua buibui. "Nnakuuliza, mwanangu, usinifiche. Una mapunye?"

Hasira zilinipanda. Nilichomoa pini, nikautupa mtandio kwenye kochi, nikageuka nyuma na mbele wanione vizuri. Kisha nikawapa somo zima: askari, vijumbe, shina lililovuliwa stara yake, kelele za kujibizana. Nililichanganya vibaya. Nadhani askari wangu walikuwa na virungu, na intaferoni niliita inta-kitu. Lakini nilisema wazi kwamba haiambukizi, na kwamba nywele zangu zinapigwa na watu wa nyumbani kwao.

Mwanamke mmoja akakichukua kitana chake taratibu, akakitia kwenye mkoba. Nilikiona. Nikajiambia basi, kazi imekwisha.

Yule Bi akasimama. Nikadhani anaaga. Akaja nyuma yangu, akamimina mafuta ya nazi kutoka chupa yangu kwenye kiganja, akakiweka kiganja juu ya kile kipara kikubwa cha kisogoni na kuanza kukipaka, polepole, kwa kuzungusha.

"Laini," akasema. "Kama kisogo cha marehemu mume wangu."

Wakapasuka kwa kicheko, na mimi pia, halafu kicheko changu kikageuka kilio hapo hapo mbele ya wateja. Tangu maradhi yaanze, kila mkono ulionigusa kichwani ulikuwa na glovu au na kitunguu thomu.

Hakunibembeleza. Alivua buibui, akalitundika, akashuka mkekani na kukaa mbele yangu. Akafungua nywele zake, na mkono ule ule, bila ya kuufuta, mafuta ya kipara changu yakiwa yangali yanang'aa vidoleni, akaupitisha kwenye mvi zake kutoka kipajini mpaka kisogoni, kila mtu akitazama.

"Haya, anza," akasema. "Na usinivute."