Nilivyofundisha kwa Vizibo na Maganda ya Vitunguu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Chimala, Mwalimu Mkuu alinifungulia chumba cha darasa la awali. Mlikuwa na ubao, mkeka na watoto tele.

"Zana hatuna, Mwalimu," alisema. "Utajua mwenyewe."

Nikawaambia watoto walete vitu vinavyotupwa nyumbani: vizibo vya soda, maboksi ya sabuni, vipande vya vitambaa. Gundi nilipika kwa unga wa ngano, uji mzito unaonata. Watoto walichana karatasi wakabandika kuku na nyumba. Vizibo nilivitoboa kwa msumari, wao wakavitunga kwenye kamba. Kazi hiyo hukomaza vidole kabla ya penseli.

Siku moja alikuja Baba Tumaini, mfanyabiashara wa mpunga, uso ameukunja. Binti yake aliwahi kuungua mkono wa kulia, vidole vikakakamaa, na muda wote aliuficha ndani ya sweta.

"Mwalimu, mtoto nimemleta asome. Wewe unamchezesha takataka? Namhamisha!"

Alipotoka, Mwalimu Mkuu aliniambia, "Mama, huyu anasikilizwa hapa. Akiondoka, wengine watamfuata."

Nilimfuata nje, nikamwomba aniachie Tumaini mpaka muhula uishe. Akakubali kwa shingo upande.

Mwanzoni Tumaini alitumia mkono wa kushoto tu. Nilikaa naye mkekani. "Na huyu mwenzake je? Naye anataka kazi." Alilia, akajaribu. Kidogo kidogo vidole vikalegea.

Siku ya wazazi alishika chaki kwa mkono uleule ulioungua, akaandika jina lake ubaoni. Herufi zilikuwa zimelala upande, lakini zilisomeka. Baba yake alinisogelea, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, nyumbani kuna viroba vilivyochanika. Vinafaa?"

"Vinafaa sana, baba."

Baadaye nilihamishiwa Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa. Kule maganda ya vitunguu hayaishi. Tuliyabandika yakawa manyoya ya jogoo, mekundu yanang'aa. Mratibu Elimu Kata alipoyaona alisema, "Hili usibaki nalo peke yako, Mwalimu." Akanipa kazi ya kuwafundisha walimu wa shule jirani. Siku hiyo nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Sasa nimestaafu, naishi Iringa mjini, na nasema bila haya: kazi niliiweza. Niliowafundisha wana watoto wao. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa mikono miwili, nami huitazama mikono hiyo kwanza, kabla ya uso.