Mikono Iliyomkamua Gaju

Nilipokuwa mtoto, pale Masoro ambapo leo malori yanapanga foleni kuingia kwenye maghala, palikuwa na migomba yetu, nyumba ya matofali mabichi na zizi la ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo aliitwa Gaju, chotara mwekundu mwenye maziwa mengi na hasira za karibu. Baba alimkamua asubuhi na jioni, na hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kugusa chuchu zake. Miiko ilikuwa mingi. Mwanamke asipige mluzi, asipande juu ya paa, asile nyama ya mbuzi asije akaota ndevu. Huo wa mbuzi nilikuwa naucheka chinichini, maana shangazi yangu mmoja alikuwa na ndevu za kutosha na nyama ya mbuzi hakuwahi kuionja. Lakini wa kukamua sikuucheka. Bibi, mama yake Baba, alinieleza mara moja tu na ikatosha: mwanamke akimkamua ng'ombe ambaye mmiliki wake yu hai, amemtangaza kuwa marehemu, na kifo kikiitwa hakikawii.

Nilikuwa na miaka kumi Baba alipougua. Ilianza homa, tukadhani ni malaria, mpaka asubuhi moja akashindwa kusimama na wakambeba kwenda hospitali mjini. Mama akaenda kumuuguza. Tukabaki Bibi, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado anatambaa. Jirani yetu, Mzee Karoli, akakubali kutukamulia. Siku ya nne akafiwa na shemeji yake, akaondoka alfajiri kwenda Rwamagana bila hata kutuaga.

Ndama wa Gaju alikuwa amekufa kwa kuhara wiki moja kabla, kwa hiyo hakuwapo hata wa kunyonya. Asubuhi Gaju hakukamuliwa. Jioni hakukamuliwa. Kesho yake mchana kiwele kilikuwa kimevimba na kuwa cha moto, naye amesimama ameitawanya miguu ya nyuma, hagusi majani, analia. Sauti ya ng'ombe anayelia kwa maumivu siitaki masikioni mwangu tena. Bibi akambeba mdogo wangu mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akaenda kutafuta mwanamume.

"Usiondoke hapa," aliniambia. "Na zizini usiingie."

Siku za kazi wanaume wetu walikuwa mjini, wengine Sonatubes wakibeba abiria kwa pikipiki, wengine Nyarutarama wakilinda majumba ya watu. Nilijua atarudi mikono mitupu. Haukupita muda, Gaju akapiga magoti, akalala. Ng'ombe akishalala na kiwele cha namna ile, Baba alizoea kusema, umempoteza. Nikamwaza Baba akirudi kutoka hospitali na kuuliza habari za ng'ombe wake kabla ya kutuuliza sisi, kama ilivyokuwa desturi yake. Nikawaza pia kwamba nikimgusa, huenda asirudi kabisa. Nilisimama pale katikati ya ua nikilia pamoja na Gaju.

Lisilo budi hutendwa. Nikaingia. Nilimpiga makofi mgongoni mpaka akainuka, nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikapaka samli vidoleni na kuchuchumaa ubavuni kwake vile nilivyomwona Baba akifanya. Alinipiga teke nikaangukia samadi. Nikarudi. Huku nakamua nilikuwa nasema kimoyomoyo, si mimi, Mungu wangu, si mimi, kana kwamba kifo ni mtu wa kudanganywa. Yalitoka kwanza mabonge, kisha maji ya njano, kisha maziwa.

Nilipoinua kichwa Bibi alikuwa amesimama penye lango la zizi, na hakuwa na mwanamume yeyote. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nikaachia chuchu, nikangoja fimbo.

"Ya nyuma kushoto bado," akasema. "Umeshaanza, maliza."

Nikamaliza. Akayamwaga yale maziwa kwenye nyasi, akaniosha mikono mwenyewe, kidole kimoja kimoja, bila kunitazama usoni.

"Wewe hukuingia humu," akasema. "Umesikia?"

Baba alifariki kesho yake.

Siku ya pili ya matanga Mzee Karoli alirudi kutoka Rwamagana, akaja kutoa pole. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotuponza. "Mimi siku tatu sikuwa hapa," akawaambia wanaume waliokaa uani. "Nikasema, ng'ombe ya watu itakufa. Sasa naikuta iko mzima kabisa!"

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, akaweka glasi yake chini. "Nani alikamua hii ng'ombe?"

Watu wakageuka kutazama zizini.

"Nauliza. Ndugu yangu iko anapumua bado, nani alikamua?"

Macho yake yakapita kwa Mama, yakaja kwangu. Nilifungua kinywa. Nimelichunguza jambo hilo miaka mingi, na mpaka sasa sijui kama sauti ingetoka.

"Ni mimi," akasema Bibi kutoka mkekani.

"Mama! Ubwo, yaani hii ni kweli? Mtoto wako mwenyewe?"

"Ni mimi. Mikono ni hii."

Baba Mkubwa alimchukua Gaju wiki ile ile, na hakukanyaga tena kwetu. Harusi za wajukuu zake wa upande huo Bibi alizisikia kwa majirani. Hata alipokufa, miaka kumi na minne baadaye, mwanawe huyo aliyebaki hakuja kumzika.

Leo najua ugonjwa uliomuua Baba haukuuliza nani kakamua nani. Lakini nilipokuwa sekondari sikuwa na hakika, nikamuuliza Bibi, nikitumaini ataniambia kwamba miiko ni hadithi za kutishia watoto.

"Bibi, uliamini kweli kwamba kukamua kulimuua Baba?"

"Niliamini. Mpaka leo naamini." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, maziwa yanapoa."

Nilikasirika sana siku ile. Ilinichukua miaka kuelewa nilichoambiwa. Machoni pake mimi ndiye niliyemuua mwanawe, na akijua hivyo alisimama mbele yangu, kisha akalala nami kitanda kimoja usiku baada ya usiku, akinifunika shuka ninapojifunua. Kazini ghalani, ninapowasimamia wapakiaji, vijana hunisifu: "Mama, wewe ni mwanaume!" Nawashukuru kwa midomo tu. Ujasiri mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona ulikuwa umevaa kitenge na umeketi mkekani, na wanaume waliokuwapo waliuona ni uchawi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kicukiro kwa Baba Mkubwa. Amezeeka, haoni vizuri. Nikamwambia mikono ilikuwa ya nani. Niliogopa kuliko siku ile ya zizini, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusema "ni mimi" kabla yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama yake.