Nilivyofuata Mishono Minneapolis

Nilisafiri kwa sababu binamu yangu alisema, "Kaka, njoo tuone."

Binamu huyo ni Swaleh, anaishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis. Yeye na mwenzake Eric wanabuni mabegi ya mgongoni na nguo za watu wanaopanda milima ya theluji kwa miguu yao, kisha wakateremka kwa skii, zile mbao za kutelezea, mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili. Watu hao wanachukia uzito kama wengine tunavyochukia kodi. Mimi ni fundi cherehani, nikamshonea Swaleh begi la mfano, mishono miwili miwili, kila ukingo umefunikwa utepe. Akalisifu kwenye simu mpaka nikaona haya. Nikamuuliza kama kazi ya kushona itakuja kwenye karakana yangu Kisauni, Mombasa, naye akanijibu hivyo: njoo tuone. Nikanunua cherehani mbili za vitambaa vyepesi, nikafunga safari.

Uwanja wa ndege Mombasa, Mwanaidi, fundi wangu mkuu, alinisindikiza hadi mlangoni.

"Wale wenye oda ya sare za shule wanataka jibu, fundi."

"Waambie wangoje kidogo."

"Watu wa shule hawangoji."

"Basi waambie tumejaa."

Njiani nilipanda ndege tatu. Nilizihesabu tena, maana ya pili ilifanana na ya kwanza hata kwa chakula. Muda wote nilikuwa napanga bei: nianzie wapi, nikasirike saa ngapi, nilegee kidogo tukifika kikombe cha pili cha kahawa.

Nilifika alasiri. Swaleh alinipokea na koti la akiba, nene kama godoro. Nje palikuwa tambarare na peupe, na kilima kirefu nilichokiona ni daraja la barabara kuu.

"Milima iko wapi?"

"Hapa hakuna, kaka. Ni ku-drive siku nzima kuelekea magharibi, na bado."

"Kwa hiyo unawabunia watu wasiokuwapo."

Alicheka, lakini macho yake hayakutoka barabarani.

Siku mbili za kwanza nililishwa. Zuhura, mke wa Swaleh, alipika mahamri, mbaazi na biriani, na kila nilipofungua mdomo kutaja kazi, sahani ililetwa. "Ongeza, shemeji, hujala kitu." Mimi ni mtu wa soko. Mwenye duka akikukirimu sana kabla ya kutaja bei, shika mfuko wako. Nikashika wangu, nikala.

Asubuhi ya tatu kulikuwa na barafu mbele ya gereji, ambayo ndiyo karakana yao. Swaleh akatoka na begi, akachota chumvi humo na kuimwaga mlangoni tusiteleze. Nikalitazama lile begi, nikalitazama tena.

"Hilo ni langu."

"Ndilo. Linabeba chumvi vizuri sana, kaka. Halichaniki."

"Na la wateja?"

Akaniingiza ndani. Mezani palikuwa na begi la kijivu, kitambaa chake kama ganda la kitunguu. Akaliweka kwenye mizani ya jikoni. Sindano ya mizani ilisogea kwa uvivu, ikatulia karibu na sifuri. Pembeni palikuwa na mashine inayobana vitambaa kwa moto na gundi vikashikana.

"Uzi una uzito," akasema. "Na kila tundu la sindano linapitisha maji, tena kitambaa kinaanzia kuchanika hapo. Tumeacha kushona. Nguo pia."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na ukaniambia njoo."

"Ningekuambiaje hapana kwenye simu? Wewe ni mkubwa wangu."

Zuhura alikuwa mlangoni. "Nilimwambia, shemeji. Akasema ukishafika utaelewa."

Nikaelewa. Lakini sikuja mbali hivyo kuelewa tu, nikaanza kupatana. Mikanda ya mabegani? Hiyo bado inashonwa, ila Eric huishona mwenyewe, tena mabegi ni machache. Kitanzi cha kufungia shoka la barafu? Kinabandikwa. Zipu za suruali? Zimeondolewa kabisa. Nilishuka kutoka begi zima hadi mkanda, kutoka mkanda hadi kitanzi. Katika maisha yangu ya soko sijawahi kujishusha bei hivyo bila hata mteja kuomba nipunguze.

Hapo hapo nikampigia Mwanaidi, nikamwambia awakubalie watu wa sare.

"Walikuja jana," akasema. "Niliwaambia tumejaa. Wameshapeleka vitambaa kwa fundi mwingine."

Kisha akauliza kama huko kuna baridi.

Nilirudi na koti la godoro na begi moja jipya, zawadi ya Swaleh. Alinikumbatia uwanja wa ndege akaniomba radhi, nami nikasema hapana neno, kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. Nilichojifunza ni hiki: mtu wa kwetu akikuita uje uone, kabla hujakata tiketi muulize mkewe kama kuna cha kuona.

Kisauni, mafundi wangu watatu walilizunguka lile begi. Mwanaidi akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye maungio yote, taratibu, kama anayetafuta mwiba.

"Kazi safi," akasema. "Fundi wake alianzia wapi?"

"Hakuna fundi."

Akalikunja mpaka likaenea kiganjani, akanirudishia. Kisha akachukua shuka, akaenda kuzifunika zile cherehani mbili mpya.