Mwalimu wa Kiguu na Njia

Mwalimu wa darasa la tatu hujikuna nyusi kwa kidole chenye chaki kila subira inapomwishia, kwa hiyo ikifika saa sita nyusi zake huwa nyeupe kama za bibi kizee. Anayemchosha kuliko wote ni binti mmoja ambaye wenzake wamempachika jina la Kiguu na Njia. Akiambiwa akae, anakaa. Mwalimu akigeukia ubao, huyo yuko dirishani. Akifungua kitabu, herufi zinamchezea shere, “baba” inakuwa “dada”.

“Keti, mama,” mwalimu humwambia, sauti imemkauka. “Keti, nakuomba.”

Mwalimu mkuu alishakata shauri kwamba mtoto ni mvivu, arudie darasa. Siku ya mtihani binti aliikodolea macho karatasi mpaka machozi yakamlengalenga. Mwalimu akasonya, akavuta kiti, akamshika bega asiondoke, akaanza kumsomea maswali kwa sauti ya chini. Binti akawa anajibu kwa mdomo, mwalimu anaandika. Akayapata karibu yote.

“Umemsaidia,” mwalimu mkuu alisema alipoziona alama.

“Nimemsomea. Majibu ni yake,” alijibu, uso umemvimba kwa hasira. “Mwite umuulize mwenyewe. Ila usimpe karatasi.”